Sekunde Nne za Anangisye

1

Mwaka 2058, wiki mbili kabla ya baraza la pingamizi kukaa, mama mmoja wa miaka sabini na tisa aliteremka kwenye bajaji mbele ya karakana ya Sekela Mwakatobe, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Dereva alimsaidia kuingiza mzigo ndani. Lilikuwa kasha la kompyuta ya zamani, la bati, limeviringishwa kitenge.

"Ndaga, mama. Karibu ukae," Sekela alimsalimia, akamsogezea kiti.

Mama hakukaa. "Wewe ndiye fundi wa vitu vya kale?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Tulinagwe Mwalukasa. Mume wangu ndiye aliyekuwa mpima mvua wa Lukwego."

Sekela aliweka bisibisi mezani. Mbeya nzima ilimjua mpima mvua wa Lukwego. Mwaka 2017, baada ya siku sita za mvua, mlima ulishuka juu ya kijiji kile na kufukia watu sitini na mmoja. Kazi ya Anangisye Mwalukasa ilikuwa kusoma kipimo cha mvua kilichokuwa juu ya kijiji na kupiga simu ofisi ya dharura maji yakivuka alama. Tume iliundwa, mahojiano yakarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Miaka mingi baadaye picha za mahojiano hayo ziliingizwa katika masomo, na kila mtoto aliyepita darasa la sita aliziona. Mwenyekiti wa tume anauliza, "Ulipiga simu?" Mwanamume mwembamba mwenye koti la mvua anajibu bila kusita, "Hapana, sikupiga. Nilidhani mvua itakatika."

"Hakusema vile," Tulinagwe alisema. "Nilikuwa ukumbini, mstari wa pili. Kila ninayemwambia ananionyesha ile picha. Sasa wanajenga mnara wa kumbukumbu, na picha hiyo itakuwa ikionyeshwa ukutani kila siku, na jina lake limechongwa chini yake. Nimeweka pingamizi. Wameniuliza nina ushahidi gani."

"Na huu ndio ushahidi?"

"Ni kompyuta ya marehemu kaka yangu, Asegelile. Alikuwa na kibanda cha video Tukuyu. Siku ile alirekodi mahojiano yote. Alifariki mwaka huu, tulipogawana vitu ndipo tukaikuta darini."

Sekela alifungua kasha. Ndani kulikuwa na vumbi na kiota cha nyigu kilichokauka. Kati ya vumbi hilo ilisimama kadi ya kijani yenye urefu wa kiganja. Kwenye ncha moja ilikuwa na kisanduku cha bati na tundu la kuchomekea waya wa antena.

Alikuwa amewahi kuziona mbili tu maishani. Zamani, kabla televisheni haijaanza kuja kwa mtandao na kutengenezwa upya kwa kila nyumba, matangazo yalipita hewani, yaleyale kwa watu wote. Ukiwa na kadi kama hii, kompyuta yako ilikuwa televisheni. Kadi ilipokea kilichorushwa na kukiandika kwenye diski kama kilivyo, bila kuongeza kitu.

"Mama, nitakuambia ukweli," Sekela alisema. "Sijui kama itawaka."

"Ijaribu," Tulinagwe alisema, na sasa akakaa.

2

Picha alizoziona kila mtoto zilitoka Hifadhi ya Picha na Sauti. Mwaka 2039 ghala la diski za Hifadhi liliharibika, na robo ya kumbukumbu za nchi ikapotea. Serikali ikanunua mfumo uitwao Mfumaji. Mfumaji ulisoma kilichosalia, ukajifunza sura na sauti za watu, kisha ukafuma palipokosekana. Kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba hata waliokuwamo kwenye picha hawakuona kiungo. Ikatungwa sheria: rekodi iliyofumwa ni rekodi kamili, na rekodi yenye pengo si rekodi.

Sekela mwenyewe alikuwa na leseni ya Mfumaji mdogo. Ndio uliomlisha. Watu walimletea picha za arusi na mazishi zilizoharibika, naye akazirudisha zikiwa nzima. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza ni dakika zipi zilikuwa za kweli, naye hakuwahi kusema.

Diski ya Asegelile ilisomeka siku ya kwanza. Faili lilikuwepo, lina tarehe, lina saa. Halikufunguka. Programu iliyokuja na kadi ilikuwa imelifunga kwa namba ya kadi yenyewe, kama kufuli lenye ufunguo mmoja tu duniani. Bila kadi ileile kuwa hai, faili lilikuwa kelele.

Kwa hiyo aliitibu kadi. Alisafisha miguu yake ya shaba kwa spiriti hadi ikang'aa. Kapasita tatu zilikuwa zimevimba. Alizing'oa na kuchomelea nyingine. Kisha ilibidi apate kompyuta yenye tundu la kadi za aina ile, kwa kuwa ya Asegelile ilikuwa imeoza. Alizunguka siku nne, akaipata kwenye stoo ya shule moja ya sekondari, ikiwa imeegemezwa mlango ili usijifunge.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, taa ndogo kwenye kadi iliwaka. Sekela alimpigia simu Tulinagwe, na mama akaja na bajaji ileile.

Picha ilianza ghafla katikati ya sentensi ya mtu mwingine. Ukumbi, meza ndefu, chupa za maji. Mvua ilisikika ikipiga bati la ukumbi.

"Ilikuwa inanyesha hata siku hiyo," Tulinagwe alisema.

Sekela aliliona tatizo mapema. Picha za kidijitali za wakati ule hazikuwa na chenga. Mawimbi yakipungua zilivunjika vipande vya mraba, kisha zikaganda. Kila baada ya dakika chache uso wa mtu uligeuka matofali, sauti ikakatika, halafu ikarudi. Pembeni ya kioo programu ilionyesha orodha ya vipande vilivyopokelewa. Kila kipande kilikuja na namba yake; namba ikiruka, ujue kuna kilichopotea njiani.

Akaingia Anangisye. Koti lilelile la mvua. Akakaa, akaulizwa jina lake.

"A-a-anangisye Mwalukasa," alisema.

Sekela aligeuka kumtazama mama. Tulinagwe alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Alikuwa na kigugumizi?"

"Tangu utoto. Kwenye ile picha yao hakina. Niliwaambia hata hilo. Walisema mfumo umesafisha sauti."

Kwenye kioo mwenyekiti wa tume aliinamia kipaza sauti. "Bwana Mwalukasa, ulipiga simu?"

Anangisye alifungua mdomo. "Nilipi—" Akakwama. Shingo ikakaza, midomo ikabaki wazi. Kisha picha ikavunjika. Orodha ya pembeni iliruka namba nyingi kwa mpigo. Iliporudi alikuwa akimalizia, "—mara tatu. Halafu nikachukua tochi nikateremka."

Sekela alirudisha nyuma. Wakasikiliza tena. Pengo lilikuwa la sekunde nne.

"Umesikia," Tulinagwe alisema. "Nilipiga mara tatu. Ndivyo alivyosema."

Sekela alisikiliza mara ya tatu kabla ya kujibu. "Mama, amesema 'nilipi'. Inaweza kuwa nilipiga. Lakini yeye ni mpima mvua. Inaweza kuwa nilipima."

Tulinagwe aliashiria picha izimwe. Nje, muuza mitumba alikuwa akiita wateja.

"Mimi nilikuwepo," alisema hatimaye.

"Najua. Na hii inaonyesha kwamba yale maneno mengine hakuyasema kabisa. Lakini hizi sekunde nne hazimo. Siwezi kusema zimo."

3

Siku mbili baadaye alipiga simu Gwakisa Mwaitenda, afisa wa Hifadhi aliyepangiwa pingamizi hilo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kuchoka.

"Dada Sekela, nimeona maombi yenu ya kuonyesha rekodi. Nataka niwasaidie. Rekodi yenu ina mapengo, haitapokelewa. Lakini una leseni. Jaza mapengo, iwe kamili, halafu uilete. Itakuwa rekodi mbili kamili zinazopingana, na yenu ina chanzo bora kuliko yetu. Baraza litawapa haki."

"Nikijaza, nitajaza nini?"

"Mfumaji anapokea maelekezo, unajua. Mwambie tu muktadha. Mwambie mtu alipiga simu."

"Na ninyi mlimwambia nini mwaka ule?"

"Kwa kweli hatukumwambia kitu. Alisoma magazeti ya wakati ule. Magazeti yalisema mpima mvua hakupiga, naye akafuata. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, dada."

Mchana ule Sekela alifunga mlango wa karakana akaliweka faili kwenye Mfumaji. Aliandika: *alipiga simu*. Baada ya dakika moja Anangisye alisema kwa sauti yake mwenyewe, huku akimtazama mwenyekiti machoni, "Nilipiga simu mara tatu, hakuna aliyepokea." Midomo iliendana na maneno. Hata mvua kwenye bati haikukatika.

Akafuta maelekezo, akaandika: *alipima mvua tu*. Anangisye akasema, "Nilipima maji mara tatu, hayakuwa yamevuka alama." Ilikuwa safi sawasawa na ile ya kwanza.

Sekela aliketi akitazama nyuso mbili za mtu mmoja. Amefanya hivi mara mia ngapi?

Tulinagwe alipokuja kesho yake, Sekela alimwonyesha ya kwanza bila kumwambia ni nini. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Machozi yalimtoka taratibu.

"Umeipata," alisema.

"Sikuipata. Nimeitengeneza. Subiri." Akamwonyesha ya pili.

Tulinagwe alifuta uso. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Ili uone kwamba ni rahisi. Hata wao iliwawia rahisi."

"Ya kwanza ni ya kweli. Mimi nilikuwa mstari wa pili."

"Naweza kukuamini, mama. Lakini nikiipeleka nitaapa kwamba ni yeye aliyesema, na si yeye. Ni mimi. Hata kigugumizi hana."

"Miaka arobaini na moja," Tulinagwe alisema, bila kupaza sauti. "Watoto wangu wamebadilisha jina la ukoo. Mume wangu alikufa hatoki ndani. Wewe unaogopa sekunde nne."

Sekela aliweka mkono juu ya kasha. "Nitakuja barazani," alisema. "Nitaleta mashine yenyewe na kadi yake. Nitaionyesha ilivyo."

"Hawataipokea."

"Huenda."

Mama alijifunga kitenge vizuri akatoka. Hakuaga.

Jioni Sekela hakufuta zile picha mbili alizozifuma. Aliziacha kwenye mashine usiku kucha, na asubuhi alipokunywa chai alikuwa bado hajui kama amefanya jambo jema au amemnyima mjane haki yake kwa sababu ya kiburi cha fundi. Kisha akazifuta zote mbili, ili asije akabadili nia.

4

Baraza lilikaa Alhamisi, katika ukumbi mdogo wa halmashauri. Mwenyekiti alikuwa Hobokela Mwambungu, hakimu mstaafu mwenye miwani mizito. Watu wapatao arobaini walikuja, wengi wao familia za Lukwego. Tulinagwe alikaa mbele, peke yake.

Sekela alibeba kasha mwenyewe. Alilifungua mbele ya baraza ili waione kadi, akaeleza kwa maneno machache ilivyokuwa ikipokea matangazo, na kwa nini faili halifunguki bila hiyo. Kisha akaonyesha. Ukumbi ulimwona Anangisye akikwama, ukaona picha ikivunjika, ukasikia "mara tatu".

"Fundi," Hobokela alisema, "hii ina pengo."

"Ndiyo, mheshimiwa. Naweza kukuonyesha lilipoanzia na lilipoishia. Kadi hii inahesabu ilichokosa. Naomba na Hifadhi watuambie wao walikosa nini."

Hobokela alimgeukia Gwakisa. Afisa alisimama. Aliitazama karatasi aliyokuwa nayo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusomwa.

"Mahojiano ya Bwana Mwalukasa yalikuwa ya dakika thelathini na nane," alisema. "Sisi tulibakiwa na dakika tatu. Zilizobaki zimefumwa."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Hobokela aliusubiri uishe.

"Sheria hainiruhusu kuipokea hii kama rekodi," alisema. "Lakini hainizuii kuisikiliza. Mama Mwalukasa, unasemaje kuhusu hizo sekunde nne?"

Tulinagwe alisimama. Alimtazama Sekela mara moja, kisha akatazama mbele.

"Nilikuwa nimejiandaa kusema nilikuwepo," alisema. "Nimelisema sana, limechakaa. Leo nimemtazama tena nikaona kitu kingine. Amesema 'nilipi', akakwama, shingo ikakaza. Mume wangu hakuwa akikwama kila mahali. Majina yalimshinda, na *g* ilimshinda. Kwenye *m* hakukwama hata siku moja. Aliniita Mama Subilaga miaka ishirini bila kukwama. Kama angekuwa anataka kusema nilipima, angepita. Alikwama kwa sababu neno lilikuwa nilipiga."

Hobokela alivua miwani. "Hilo ni lako, mama. Nani mwingine anaweza kulithibitisha?"

"Yeye mwenyewe," Tulinagwe alisema, akaonyesha kioo. "Bado ana nusu saa ya kusema."

Wakaketi wakasikiliza. Siku ile ya mwaka 2017 mwenyekiti wa tume alimkatiza Anangisye mara kwa mara, akamwomba afupishe, akamtajia maneno kabla hajayamaliza. Katika ukumbi wa leo hakuna aliyemkatiza. Alisema mvua, maji, milimita, mlima, na yote yalipita kama mtu yeyote. Alipofika kwenye gema lililoanza kukatika, alisimama. "G-g—" Watu arobaini walisubiri. "Gema." Karani wa baraza aliweka alama. Gari la diwani. Akakwama. Godoro lililokuwa likielea. Akakwama. Mara mbili alipita kwenye *g* bila shida, na karani akaandika hilo pia.

Zilibaki dakika tisa alipofika kwenye jambo ambalo halikuwamo kabisa katika picha za Hifadhi.

"Nikateremka na tochi," alisema. "Nikaanza nyumba za juu. Nili— nili-g— niligonga milango. Niligonga kumi na miwili. Ya chini sikufika."

Nyuma ya ukumbi mwanamume mmoja alisimama. Alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, amevaa koti la kazi la mashamba ya chai.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi ni Ambilikile Mwasaga. Nilikuwa na miaka tisa. Mtu aligonga kwetu usiku ule, mama akatutoa tukapanda juu. Alikuwa anajaribu kusema kitu, hakikutoka. Mama alidhani ni mlevi, lakini alituchukua. Hatukuwahi kujua ni nani."

Kwenye kioo Anangisye aliendelea kuzungumza juu ya matope, kwa subira, mpaka rekodi ikaisha.

Hobokela alitoa uamuzi saa nane mchana. Alisema rekodi iliyofumwa haitaonyeshwa kwenye mnara, na jina la mpima mvua litaondolewa mahali lilipochongwa. Karani alikuwa amehesabu *g* kumi na sita. Kumi na nne zilimkwamisha. *M* hazikumkwamisha hata moja. Hilo lilimgusa, alisema, lakini halikumtosha kuandika kwamba simu ilipigwa, na ofisi iliyopaswa kuipokea haikuacha daftari lolote. Akasoma maneno aliyoyaagiza yawekwe ukutani badala yake:

*Anangisye Mwalukasa, mpima mvua. Haijulikani kama alipiga simu. Inajulikana kwamba aligonga milango kumi na miwili.*

Tulinagwe na Sekela walitoka pamoja. Kwenye ngazi mama alishika chuma cha pembeni akateremka polepole.

"Nilitaka waandike kwamba alipiga," alisema.

"Najua, mama."

"Ungeweza kuwafanya waandike."

"Ningeweza."

Tulinagwe aliteremka ngazi mbili zaidi. "Na mimi nisingemsikia akisema milango. Siku ile walivyokuwa wakimkatiza nilitoka ukumbini kabla hajafika hapo," alisema. "Hakuwahi kunieleza. Alirudi asubuhi na matope mpaka kifuani, akalala."

Chini, karibu na lango, Ambilikile Mwasaga alikuwa akisubiri, kofia mkononi. Alipiga goti kidogo kumsalimia, kama mtoto anavyomsalimia mama. Tulinagwe aliupokea mkono wake.

"Mlikuwa wangapi ndani?" alimuuliza.

"Watoto watano, mama. Na mama yetu."

"Sita," Tulinagwe alisema. "Nitajie majina."

Naye akaanza kuyataja, moja baada ya jingine, na mama hakumwachia mkono.